Usitumie Maji Baridi

Emerensiana aliliogopa lile tangi tangu siku ya kwanza, na wala hakuficha. Mumewe Kornel alikuwa amefanya kazi miaka mingi bandarini Tanga. Aliporudi kwao Pito kumtunza mama yake na kufungua duka la vifaa vya ujenzi, watu walidhani karudi na akili za mtu mzima. Wapi! Alirudi na bahari kichwani. Akachomelesha meza ya chuma, akamwaga zege sebuleni ili sakafu isititie, kisha vijana wa mtaa wakaingiza sanduku la vioo refu kuliko kitanda cha wageni. Humo, alisema, ataweka bahari yenyewe: maji ya chumvi, samaki wa rangi, na matumbawe hai yaliyooteshwa na fundi mmoja rafiki yake wa Tanga. Bahari, jamani, Sumbawanga! Mahali ambapo mtu akitaka kuona maji mengi anateremka Muze hadi Ziwa Rukwa, akarudi na perege wake kwenye kikapu.

Kilichomtisha zaidi ni nyaya. Kulikuwa na pampu za kuzungusha maji, mtambo wa kukamua povu chafu, taa za buluu, na hita ya kuyapasha maji maana baridi ya Ufipa haina adabu. Vyote vilikunywa umeme, na vyote vilikaa ndani ya maji au pembeni yake. Akifagia sebule alipita ubavu ubavu, mgongo ukutani. Mara kioo kilialika kidogo, tik, na yeye akaruka na fagio lake.

"Mke wangu, kioo kinajinyoosha tu," Kornel alicheka.

Mama yake Kornel, Bibi Fransiska, hakucheka. "Samaki hukaa majini," alisema, "na majini nao hukaa humo humo. Shauri yenu."

Bibi huyu alikuwa na ulimi, lakini hakuwa na roho mbaya. Alipika pombe ya ulezi iliyosifiwa mtaa mzima, na desturi ya pombe aliishika mpaka kwenye chai: anayemimina aonje kwanza, mnywaji aone kwamba hamna kitu ndani. Tangu Emerensiana aolewe hakuwahi kumpa mama mkwe wake kikombe cha chochote, iwe uji iwe maji, bila kupiga funda la kwanza mbele yake. Mwanzoni lilimuuma. Baadaye akazoea, ila kuzoea si kusahau.

Mwenye roho nzito alikuwa wifi yake, Gaudiosa. Huyo alikwisha kusema mbele ya akina mama wa jumuiya, "Siku mama akipatwa na jambo kwenye nyumba ile, tunajua pa kuuliza." Mji wetu ni mzuri na watu wake ni wa sala, lakini neno kama hilo, lenye harufu ya uchawi, huku halipotei. Linakaa darini linasubiri msiba.

Mwezi wa sita, upepo unakata masikio, Kornel akaenda mpakani Kasesya kusubiri lori la kutoka Zambia lililobeba mifuko yake ya chumvi maalumu. Siku hiyo hiyo basi likashusha ndoo za Tanga, mapema kuliko alivyotarajia. Ndani yake mlikuwa na yale matumbawe, kwa macho yake mawe tu, yaliyofungwa kwa magazeti mabichi. Emerensiana akampigia mumewe. Akasikia honi za malori, kisha sauti ya Kornel: "Yasilale kwenye ndoo, yatakufa! Mpigie fundi, fanya atakavyokwambia!" Mtandao ukakatika.

Fundi wa Tanga aliongea upesi, kwa Kiswahili cha watu wa pwani. "Shemeji, ni kazi ndogo. Yafungue, yasuuze uchafu utoke, yatie tangini. Ila nakusihi jambo moja: usitumie maji baridi. Maji baridi yanaua. Hata tone."

"Nimekuelewa, shemeji."

Na kweli alikuwa ameelewa, uelewa wa huku kwetu. Alikwenda barazani kwenye pipa la buluu, ambamo Kornel alikuwa ameacha maji aliyokwisha kuyachanganya na chumvi, akatia kidole. Yalimuuma mpaka kwenye mfupa. Akafunika pipa haraka. Hayo ndiyo aliyokatazwa, alijisemea, ningeua mali ya mtu.

"Hapo pana la kufikiri?" alisema Bibi Fransiska, ambaye alikuwa amejikunyata jikoni kando ya jiko la mkaa, shuka begani. "Kitu kimezaliwa kwenye joto la pwani, ukimwagie maji ya huku? Hata mtoto mchanga humwogeshi hivyo. Chemsha, mama Yohanes."

Basi akachemsha. Akafunga mlango na dirisha kwa ajili ya upepo, akayapanga mawe kwenye beseni. Yalikuwa yamefunikwa na vitu kama vifungo vya shati, vya kahawia, vimejikunja, vinateleza kama bamia. Akadhani ndio uchafu wenyewe. Akavimiminia maji yanayotokota, akachukua brashi, akasugua kwa nguvu zake zote. Alitaka Kornel arudi akute kazi imekwisha, aone kwamba mkewe si mwoga tu.

Mvuke ukajaa jikoni, wenye harufu ya chumvi na kitu kilichooza. Bibi akasogeza kigoda, akanyoosha mikono juu ya beseni. "Aa, angalau bahari ina faida," alisema. "Inapasha moto."

Alianza kukohoa kabla Emerensiana hajamaliza beseni la pili. Wakadhani ni mkaa. Kisha Emerensiana mwenyewe akahisi ladha ya kutu mdomoni, kama mtu aliyelamba msumari, na koo likaanza kumwasha. Alipoinua macho, Bibi alikuwa anatetemeka mwili mzima, midomo imepauka, mkono kifuani.

"Kifua, mwanangu. Kimefungwa kamba."

Mungu wangu! Emerensiana aliangusha brashi, akambeba mama mkwe wake mgongoni kama mtoto, akatoka naye nje akipiga yowe la kuita bajaji. Njia nzima hadi hospitali alimshika mkono na kusali Salamu Maria, akichanganya maneno. Bibi Fransiska hakujibu sala. Alikuwa anatafuta pumzi.

Wakamlaza, wakamwekea oksijeni. Gaudiosa alifika khanga ikiburura chini. "Umemlisha nini mama yangu?"

"Sijamlisha kitu, wifi."

"Haya si ya hospitali! Mama atolewe hapa, apelekwe Muze. Yuko mtu kule anayejua mambo ya majini."

Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimgeukia Emerensiana. "Mama, alikuwa anafanya nini kabla ya kuugua? Amevuta hewa ya kitu gani?"

Hapo ndipo hofu ilipomkaba sawasawa. Sema mwenyewe angejibuje! Nimechemsha mawe ya baharini, nimefunga mlango na dirisha, mama mkwe wangu akavuta mvuke. Sumbawanga hii? Mbele ya Gaudiosa? Hayo si maelezo, hiyo ni hati ya mashtaka. Aliona kijiji kizima cha Kornel kimesimama uani. Aliona wanawe wakiambiwa shuleni mama yenu ni nani.

"Mkaa," alisema. "Nadhani ni mkaa, daktari."

Daktari akaandika mkaa. Lakini hali ya Bibi ilizidi. Pumzi ikawa fupi, mapigo ya moyo yakawa yanakimbia na kusita, na daktari akakunja uso kama mtu anayesoma maandishi asiyoyajua. Emerensiana alitoka nje, akampigia fundi wa Tanga.

"Shemeji, mawe yako yana nini? Mama anakufa!"

"Anakufa? Umefanyaje, shemeji? Nilikwambia usitumie maji baridi!"

"Sikutumia! Nimetumia ya moto, yaliyochemka!"

Fundi akasema polepole, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, "Shemeji, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Ya mtoni, ya bomba. Samaki wa maji baridi, hujapata kusikia? Nilitaka usuuze kwa maji ya chumvi. Vile vifungo juu ya jiwe ni viumbe, na vina sumu. Ukivimwagia maji ya moto, sumu inapanda na mvuke. Mwambie daktari sasa hivi. Na mtu yeyote asiingie jikoni kwako."

Alisimama pale na simu sikioni. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya alikuwa ameyamwaga kwa mkono wake. Angeweza kunyamaza bado. Mkaa ulikwisha kuandikwa, na mkaa huua watu kila mwaka bila mtu kulaumiwa. Akarudi wodini.

"Daktari, nilikudanganya," alisema, na sauti yake ikasikika kitanda cha mwisho. "Si mkaa. Nilichemsha mawe ya baharini. Yana sumu. Mama amevuta mvuke wake, na mimi pia."

Gaudiosa alipiga ukelele ambao uliinua wagonjwa. "Mmesikia! Kwa kinywa chake!"

Daktari hakumjali. Alinyakua simu, akaongea na fundi mwenyewe, akiuliza na kuuliza tena. Alipomaliza alisema, "Dawa yake mahsusi hakuna. Ila sasa najua naangalia nini. Moyo." Akaita wauguzi, akafunga vifaa vingine kifuani kwa Bibi, akampeleka Emerensiana kitanda cha jirani. Akamwagiza mmoja wa ndugu za Kornel aende Pito kumzuia mtu yeyote kuingia jikoni, na Kornel apatikane barabarani kwa gharama yoyote.

Saa zilizofuata zilikuwa za kusikiliza tu. Emerensiana alilala ubavu, kifua kinamwaka, akihesabu si pumzi zake bali za yule wa kitanda cha pili. Pumzi moja ikichelewa, na yake inasimama. Ndugu walijaa ukutani, hakuna aliyemsalimu.

Jioni Bibi Fransiska akafumbua macho. Gaudiosa alikuwa wa kwanza kuinama. "Mama, sema, watu wote wako hapa. Amekufanya nini huyu?"

Bibi aliisogeza ile barakoa ya oksijeni. "Mimi ndiye niliyesema achemshe," alisema, kila neno kwa pumzi yake. "Unataka wanifunge na mimi?" Kisha akageuza macho. "Mkwe wangu. Kiu. Maji."

Emerensiana akashuka kitandani, akashika jagi na kikombe. "Ya baridi, mama, au ya..." Akashindwa kumaliza. Hakujua tena maneno yake yana maana gani.

"Yasiyo na chumvi," alisema Bibi.

Akamimina. Ndugu wote walikuwa wanamtazama mkono, na Gaudiosa alikuwa amesogea karibu kabisa. Emerensiana alikiinua kikombe mdomoni apige funda la kwanza, kama alivyofanya miaka yote.

Bibi Fransiska akanyoosha mkono wake mkavu, akakishika kikombe kabla hakijafika.

"Usionje," alisema. "Lete hapa."