Sema kwa Maneno

Tangu mama yake azikwe, Kipipi alikuwa aking'ata wenzake darasani. Shangazi yake alimwambia mwalimu wa chekechea, "Mchape tu, mwanangu. Samaki mkunje angali mbichi."

Mwalimu hakukubali. Kila mtoto alipolia kwa kung'atwa, alipiga magoti mbele ya Kipipi, akamshika mikono na kumwambia taratibu, "Kung'ata kunaumiza. Ukiwa na jambo moyoni, niambie kwa maneno." Kipipi alimtazama tu, katulia tuli kama maji ya mtungi.

Asubuhi moja mwenzake alimnyang'anya udongo wa kufinyangia. Kipipi akafungua kinywa, akakifunga, kisha akamwendea mwalimu na kumvuta sketi.

"Mwalimu, sing'ati. Nasema kwa maneno."

"Haya, mpenzi. Sema."

"Namtaka mama."

Mwalimu alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hamu. Aliketi pale pale sakafuni, kati ya viti vidogo, akampakata. Watoto wengine wakaacha michezo wakaja kukaa karibu, maana hawakuwahi kumwona mwalimu wao akilia.