Usiku wa Saa Nne Asubuhi

Mwalimu Pasikali hakuwa na cheti cha ualimu. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala baiskeli yenye breki, wala simu ya kupangusa, wala sauti ya kuimbisha watoto. Mke alikuwa naye, Mungu akamchukua. Elimu yenyewe aliipata ukubwani, katika masomo ya jioni ya watu wazima, akitoka shambani na tope bado visiginoni. Hayo yote hayakumnyima usingizi, maana alikuwa na kitu kimoja kilichoyafunika: watoto wa darasa la tatu wa shule yao huko Makere. Miaka kumi na tisa alijitolea pale, wazazi wakimshukuru kwa mahindi na maharage, na kila asubuhi watoto waligombea kumbebea kisanduku chake cha chaki.

Kisha akaja Asmahani.

Alitoka Kibondo mjini, binti wa mwenye duka la vitambaa, watu wenye asili ya Pwani. Cheti alikuwa nacho, tena kimepigwa mihuri miwili. Alitandika mkeka katika chumba kilichopakana na darasa la Pasikali, akawa anamwita mtoto mmoja mmoja na kumwambia amsimulie hadithi yoyote aipendayo. Mtoto akisimulia, yeye hujaza fomu: hadithi ina mwanzo na mwisho au imekatika, maneno ya mtoto ni mengi kiasi gani, na moyo wake umebeba nini. Fomu zilipelekwa ofisi ya mradi uliomtuma kuwatambua watoto wenye shida, huko Kibondo.

Pasikali aliiita kazi hiyo mchezo wa kupotezea vipindi. Lakini ukuta uliotenganisha vyumba haukufika kwenye bati, akawa anasikia kila neno. Siku moja akamsikia mtoto wa darasa lake, Kudra, akisimulia habari za mbuzi aliyefungwa kamba kutwa nzima, akitazama majani asiyoyafikia. Mchana ule ule Asmahani alikwenda kwao Kudra, ikajulikana kwamba mtoto yule anakula mara moja kwa siku. Pasikali alikuwa amemfundisha Kudra karibu mwaka mzima, na mara tatu alikuwa amemchapa kwa kusinzia darasani.

Jambo hilo lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Kesho yake alisimama mlangoni mwa shule na kisanduku chake, akangoja. Watoto walimpita mbio kwenda kumpokea Asmahani mkoba, na mkoba wenyewe haukuwa na uzito wowote.

"Mwakeye, Mwalimu," alimsalimu Esteri, mpika uji wa shule, huku akikoroga. "Naona siku hizi unajibebea mwenyewe. Au chaki zimechacha?"

Pasikali alicheka kwa heshima, akaingia darasani, akawapa watoto hesabu ngumu kuliko zote.

Ndipo ikafika zamu ya Irakoze. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, yatima wa mama, anayelelewa na bibi yake, Ntirampeba. Asmahani alimwomba hadithi. Irakoze alitazama dirisha, jua likiwa limejaa, akaziba mdomo kwa kiganja. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu machozi yakamtoka, na hadithi haikutoka.

Nyuma ya ukuta, Pasikali alijua. Nyumba ya Ntirampeba ilishika mwiko wa zamani, ambao nyumba nyingi ziliuacha redio na simu zilipoingia: anayesimulia hadithi jua likiwaka hugeuka mjusi. Yeye mwenyewe alikua nao, na mama yake alimfinya midomo kwa ajili ya mwiko huo. Asmahani, aliyelelewa nyuma ya duka kwa Kiswahili kitupu, angeujulia wapi?

Jioni ile binti alimfuata. "Mzee wangu, wewe unawajua watu wa hapa. Huyu mtoto ana nini?"

Sentensi moja ilitosha. Pasikali aliihisi mdomoni, tamu kama asali ya nyuki wadogo, akaona uchungu kuitema.

"Wewe ndiye mwenye cheti, binti yangu," alisema.

Usiku ule alilala vizuri. Kitu kimoja hatimaye kilikuwa chake, na Asmahani hakuwa nacho.

Siku kumi na moja baadaye bibi Ntirampeba alikuja kwake na mkungu wa ndizi kichwani na barua mkononi. Hakujua kusoma, na barua zake zote tangu zamani zilisomwa na Pasikali. Alimsomea. Ofisi ya mradi ilieleza kwamba mtoto Irakoze hana hadithi, na kwamba kunyamaza kwake ni dalili ya huzuni nzito. Atahamishiwa kituo cha watoto cha Kibondo kwa mwaka mmoja. Gari litamfuata Jumatatu.

Bibi aliuliza taratibu, "Hana hadithi? Huyu anayenisimulia kila jioni mpaka ugali unaungua? Wamempima mtoto gani, Mwalimu?"

 Pasikali alizitazama zile ndizi, akatamani zingekuwa za mtu mwingine.

Asubuhi yake aliingia chumba cha mkeka bila kubisha. Alitundika magunia kwenye madirisha, akaziba nyufa za mlango kwa kitenge cha marehemu mkewe, akawasha koroboi. Ilikuwa saa nne. Asmahani alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa, lakini akamwita Irakoze kama alivyoombwa.

"Sasa ni usiku," Pasikali alimwambia mtoto.

Irakoze alizunguka akikagua giza. Nje, jogoo wa Esteri akawika. Kiganja kikarudi mdomoni.

"Kwenu jogoo hawawiki usiku?" aliuliza Pasikali.

"Huwika."

"Basi."

Mtoto akakaa, akavuta pumzi, akasimulia. Alisimulia habari za kifaranga wa kanga aliyefiwa na mama yake, akalelewa na chura. Kila mvua iliponyesha chura alimfunika kwa mgongo wake. Kifaranga akasema, bibi, mgongo wako hautoshi, unafunika mdomo tu. Chura akajibu, tunaanza na mdomo, ndio unaokula. Asmahani alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Hadithi ilikuwa ndefu, yenye mwanzo na mwisho, na maneno ambayo Pasikali hakumfundisha.

Ilipokwisha, Irakoze aliinuka, akapita mbele ya Pasikali, akaenda kukaa ubavuni mwa Asmahani. Mzee aliliona hilo, akalimeza.

"Mzee wangu," Asmahani aliuliza, "ulijua lini?"

"Moshi huu unaumiza macho," alisema, akashusha gunia la kwanza.

Asmahani alipiga simu Kibondo. Walimjibu kwamba simu haitoshi. Aandike mtu anayeijua nyumba ile, aeleze kwa nini mtoto alinyamaza, na kwa nini hakuna aliyesema mapema. Barua ifike kabla ya Jumatatu.

Pasikali aliketi na kalamu. Barua ya kwanza ilianza, *Baada ya uchunguzi wangu wa muda mrefu*, nayo ilikuwa nzuri, yenye aya nne na mwandiko wa kupendeza. Aliisoma mara mbili, akaichana. Ya pili ilikuwa fupi. Aliueleza mwiko, akaeleza lile giza la magunia. Kisha akaandika:

*Mwalimu Asmahani hakukosea katika kazi yake. Alikosa kuambiwa. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza, naye aliniuliza, nikamficha kwa kuwa watoto wanampenda kuliko mimi. Mpaka leo naona uchungu. Mtoto asihamishwe.*

Alitia sahihi, na chini yake akaandika *Mwalimu wa kujitolea*, ingawa alijua huenda ikawa mara ya mwisho kuliandika neno hilo.

Alikwenda jikoni kwa Esteri, akachovya kidole kwenye ukoko wa uji, akaupaka kwenye bahasha badala ya gundi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akatembea hadi barabarani na kusimamisha basi. Konda aliitia bahasha kwenye mfuko wa shati, akagonga bodi mara mbili, na gari likaondoka kuelekea Kibondo.