Sumaku za Gitaa la Jackson

"Nizime mashine, wenye mahindi wale gitaa lako?" Esnath alifoka kutoka mlangoni pa mashine yake ya kusaga.

"Kidogo tu, Mama Asajile. Inaniharibia sauti."

"Sauti gani? Hiyo ya nyuki?"

Foleni nzima ikacheka. Hasheem, seremala anayechonga magitaa ya umeme hapo jirani, akaliinamia tena gitaa. Jackson wa Kiwira alikuwa njiani kuja kujaribu gitaa lake la muziki wa metali, na likivuma tena alishaapa kulipeleka kwa fundi wa Mbeya. Hasheem alikuwa amelifungia sumaku nyembamba za koili moja, zile zinazonasa mlio wa nyuzi. Alizipenda, na kila mara alizijaribu Jumapili, Esnath akiwa kanisani na mashine imezimwa. Siku za kazi, mota ikiwaka tu, sumaku zilinasa na mvumo wake.

"Lijaribu hivihivi, na kelele zangu!" Esnath akamwambia.

Hasheem akashusha pumzi. Akazing'oa, akachomelea zile pana za koili mbili, zinazofuta mvumo, alizokuwa akizidharau. Akapiga. Gitaa likanguruma kama lori la makaa ya mawe kwenye mlima. Akaziba nyuzi kwa kiganja, likanyamaza kabisa, mashine ikiendelea kusaga. Akaketi chini, gitaa mapajani.

"Baba Lulu, umekula?" Esnath akamuuliza Hasheem.

"Sijala tangu jana, hata nilisahau."

"Asajile, simamia mashine! Jackson atakukuta kwangu, Baba Lulu. Ndizi zimeiva, ingia tule."