Siri ya Marehemu

Msusi alikaa mwisho wa benchi, karibu kabisa na dirisha la karani, asije akaitwa asijue anayemwita ni nani. Jicho la kushoto lilikwisha kuzima. La kulia lilibakiza ukungu, na watu walipita humo kama nguo zilizoanikwa. Vidole bado viliijua kazi, ila wateja walishaanza kunong'ona kwamba mistari ya nywele inapinda.

"Kwenu nani alipofuka?" daktari wa macho alimuuliza.

Angejibu nini? Waliomlea walimchukua akiwa mchanga, na walitangulia mbele ya haki bila kujua alikotoka. Daktari akamwambia ugonjwa huo hurithiwa kwa namna nyingi. Ukijulikana ulikoanzia, huenda binti yake aliyeko shuleni akakingwa mapema. Ndipo ikaanza njoo kesho, njoo kesho, kwenye ofisi hii ya ustawi wa jamii inayotunza mafaili ya watoto waliochukuliwa kulelewa.

Leo karani alimwingiza ofisini, akamkalisha.

"Faili limepatikana, mama. Lakini limefungwa kisheria. Aliyekuzaa aliahidiwa siri."

"Siri naijua, mwanangu. Mwanamke akiniinamishia kichwa nimsuke hunimwagia ya moyoni yote, na sijawahi kuyatoa nje. Jina lake kaa nalo. Niambie tu, alipofuka?"

Karani alifunua kurasa. Alisoma kitambo.

"Hata hilo ni lake, mama. Mpaka atoe idhini."

"Basi mwandikieni barua."

"Alishafariki."

Msusi alitafuta machozi, hakuyapata. Utamliliaje mtu uliyeambiwa leo kwamba alikuwepo, na papo hapo kwamba hayupo?

"Sasa maiti ana siri gani, mwanangu?"

"Anayo. Idhini watatoa ndugu zake wa damu."

"Mimi si mwanawe?"

"Uthibitishe."

"Kwa kitu gani?"

Kiti kikakwaruza sakafu. "Ngoja nikamuulize mkubwa," akasema, akatoka, na mlango hakuufunga.

Msusi alinyoosha mkono juu ya meza. Faili lilikuwa wazi. Huruma au uzembe, hakujua. Aliinama hadi pua ikagusa karatasi, akaligeuza jicho la kulia huku na huku, akifuata mstari kama mtu anayetafuta sindano zuliani. Weusi juu ya weupe, basi. Hata herufi moja haikusimama.

"We mama! Faili la serikali hilo!" Alikuwa askari wa mlangoni.

"Sijaona kitu, baba."

"Nimekukuta umelilalia, unasema hujaona?"

Alimshika mkono, akamburuta hadi nje kwenye foleni. Msusi alijikwaa kizingitini, akapapasa ukuta.

"Mtazameni vizuri," askari aliwaambia waliokaa. "Hawa ndio wanaochungulia siri za watu."

Mwanamke wa mwisho kwenye benchi alisogea upande, akiukumbatia mkoba wake.