Mtasema Ndani ya Ntumba

Jumanne, tarehe 23 Novemba 1993. Asubuhi hiyo upepo ulivuma kutoka upande wa bonde la Rukwa, mawingu mazito yakajazana juu ya Ufipa, lakini hakuna tone lililodondoka.

Bibi Leonia hakutulia tangu alipoamka. Alitoka nje akatazama mbingu, akarudi jikoni akafunua mtungi, akatoka tena. Pombe ya ulezi ilikuwa imeiva, na kesho ingekuwa imeshachacha. Majirani walikuwa wamealikwa kuja kupasua ntumba zake, yale matuta ya mviringo ambayo watu wa kwao hufukia majani ndani yake masika yakielekea kwisha. Majani huozea humo kiangazi chote. Mvua mpya zikikaribia, ntumba hupasuliwa, udongo wake mweusi hutandazwa, ulezi ukapandwa. Vijana walikuwa wameanza kuzicheka ntumba, wakasema ni kilimo cha mababu. Tangu mbolea ya mfuko ipande bei, hakuna aliyecheka tena.

Lakini si mawingu wala pombe vilivyomkosesha raha. Ni mbwa. Mtasema, jike la kahawia lililokuwa na mimba kubwa, alikuwa ametoweka siku kadhaa, na Sharon, mjukuu wake wa darasa la tatu, alikuwa halii, hali chakula wala haendi shule.

Sharon na mdogo wake Calvin waliletwa na baba yao, Modesti, baada ya kumzika mama yao. Modesti alikuwa akiuza mitumba Sumbawanga mjini, leo yuko sokoni, kesho yuko juu ya lori akifuata marobota Mbeya. Asingeweza kulea. Sharon aliingia nyumbani kwa bibi yake akiwa amefunga mdomo, na haukufunguka kwa mtu yeyote. Alianza kusema na mbwa. Kutoka kwa mbwa, maneno yakahamia kwa Calvin, na kutoka kwa Calvin, polepole, kwa bibi. Mbele ya watu wengine bado alikuwa bubu. Sasa Leonia aliogopa kwamba mbwa akipotea, maneno nayo yatarudi yalikotoka.

"Hodi hapa!"

"Karibu, baba."

Alikuwa Ngeleja, Msukuma aliyehamia ng'ambo ya kijito na ng'ombe wake mwaka uliotangulia. Mkononi alikuwa na rungu.

"Sikai, mama. Mbwa wako yuko wapi? Jana jioni kamrarua ndama wangu mguu. Nimemwona kwa macho yangu, yule wa kahawia mwenye sikio lililochanika."

"Hayupo, baba. Hata sisi tunamtafuta."

"Basi tutasaidiana kumtafuta. Wewe ukimwona, mfunge. Mimi nikimwona, namuua. Mbwa akishaonja damu ya ndama hana dawa."

Alipoondoka, Leonia aligeuka akamkuta Sharon amesimama mlangoni. Kabla hajamwambia neno, mtoto alichomoka mbio kuelekea bondeni.

Leonia alishika rozari. Akaanza, akapotea njiani, akaanza upya. Calvin alikuwa amekaa karibu na miguu yake akimtazama.

"Bibi, Mungu anawajua mbwa wote?"

"Anawajua."

"Basi anajua Mtasema alipo."

"Anajua."

"Mbona hatuambii?"

Leonia aliirudisha rozari shingoni, akajitwisha mtungi. Watu walikuwa wameshaanza kufika.

Mbele alikuwa Isdori, jembe begani, sauti yake ikitangulia mwili. "Mama Leonia! Pombe iko wapi? Sisi ni trekta, hatuwaki bila mafuta!"

"Limeni kwanza, walevi nyie," Leonia akajibu, na watu wakacheka. Yeye alicheka kwa mdomo tu.

Walijipanga safu moja wakaanza. Majembe yalipanda na kushuka pamoja, ntumba zikapasuka moja baada ya nyingine, harufu ya majani yaliyooza ikajaa hewani. Leonia hakukaa. Alipeleka kibuyu upande huu, akaenda upande ule, akasimama kwenye kichuguu kutazama bondeni kama atamwona Sharon. Wingu liliunguruma mbali. Akarudi, akachukua jembe, akaliweka chini.

Safu ilipokaribia mwisho wa shamba, kwenye ukingo wenye vichaka, Isdori aliinua jembe juu ya ntumba kubwa, mara akaruka kinyumenyume hadi akaangukia makalio.

"Mama yangu! Ntumba imezaa fisi!"

Ubavuni mwa ntumba palikuwa na shimo, na katika shimo hilo alitokea Mtasema, mwembamba, meno nje, manyoya ya shingo yamesimama. Nyuma yake vilisikika vilio vyembamba. Mle ndani, katika majani yaliyooza, mlikuwa na joto na ukavu. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuzalia.

Kelele za watu zilimvuta Sharon kutoka bondeni. Zilimvuta na Ngeleja pia. Mtoto ndiye aliyefika kwanza. Alikaa chini mbele ya shimo, mgongo kwa mbwa, uso kwa watu, na Mtasema akaacha kunguruma. Ngeleja alisimama na rungu lake lililoinuliwa nusu.

"Mwondoeni mtoto," alisema.

Hakuna aliyesogea. Ee Bwana, nipe neno moja tu, Leonia aliomba.

"Baba Ngeleja," akasema, "ndama wako aliumwa wapi?"

"Hapa hapa. Nilikuwa nawachunga katika hili pori."

"Pori?"

Watu wakatazamana. Mzee Kasmir, balozi wa nyumba kumi, aliegemea mpini wa jembe lake. "Pori lipi, mwanangu? Hili ni shamba."

"Shamba gani halina mistari? Majani juu, vilima kama vichuguu. Mimi nilijua nchi hii mmewaachia mchwa!"

Watu wakaangua kicheko. "Msukuma huyo!" Isdori akapaza sauti. "Macho yake yanajua ng'ombe tu. Hata mkewe anamtambua kwa pembe!"

"Na nyie Wafipa," Ngeleja akarudisha, huku mwenyewe akianza kutabasamu, "mnafukia majani mnasema ni kilimo!"

Mzee Kasmir hakucheka. Alimshika mkono akamwonyesha ntumba zilizodidimizwa na kwato, na ile ya Mtasema ikiwa na alama ya kwato ndogo karibu kabisa na shimo: ndama ndiye aliyemfuata mbwa kwenye watoto wake. Kisha akachota udongo katika ntumba iliyopasuliwa, akamwekea kiganjani. Ngeleja aliunusa, akaufikicha.

"Hii ni mbolea kweli," akasema. "Nimekanyagisha shamba la mjane. Nimekosa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe, baba."

"Lakini nisikilizeni na mimi." Aliliweka rungu chini, ila sauti yake haikulegea. "Mguu wa ndama umeraruka. Leo ndama, kesho mwanangu anayepita hapa kwenda kuchota maji. Mbwa huyu atabaki huru hivi?"

"Ntumba hii haitapasuliwa hadi watoto wa Mtasema watembee," Leonia akasema. "Na kuanzia leo mama yao atafungwa kamba."

"Na nani? Wewe unashinda shambani, mama. Nani atakayemfunga kila siku?"

Leonia aliona ni kweli. Wingu liliunguruma tena, karibu zaidi, na watu wakatazama juu kisha wakamtazama yeye.

"Mimi."

Wote waligeuka. Sharon alikuwa amesimama, mavumbi kwenye gauni lake, mikono imeshikana nyuma. Leonia alitaka kumkimbilia, akajizuia.

"Sema wasikie, mwanangu," Mzee Kasmir akasema kwa upole. "Sisi ni mashahidi."

"Nitamfunga mimi," Sharon akasema. "Asubuhi kabla ya shule, na jioni. Chakula nitamletea mimi."

Ngeleja alichuchumaa hadi macho yao yakalingana. "Na akiuma tena, mama mdogo?"

Mtoto alimtazama bibi yake, kisha mbwa, kisha akamtazama Ngeleja usoni.

"Naahidi mbele yenu wote," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa safu. "Akiuma tena, nitamleta kwako mimi mwenyewe."