Bendera ya Manju Bujiku

Bujiku alifariki Jumanne asubuhi, akiwa amekaa juu ya gunia lake la pamba nje ya ghala la Sapiwi, akisubiri zamu yake ya mizani. Karani aliita jina lake mara tatu. Mara ya tatu mkewe, Kabula, aliyekuwa ameshika baiskeli, ndiye aliyeitika, kwa sababu alikuwa ameshamgusa mkono na kuelewa. Waliokuwa mbele kwenye foleni walimpisha. Pamba ikapimwa, kisha Bujiku akalazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa mtu mmoja wa mbali ambaye hawakumfahamu vizuri, wakarudi nyumbani polepole. Mtu yule alivua koti lake akamfunika marehemu, na hakurudi kulidai. Kabula humkumbuka katika sala zake mpaka leo, ingawa jina lake hakulishika.

Bujiku alikuwa manju, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, wa kundi la Bagalu. Kila manju alikuwa na kitu chake cha kuwavuta watazamaji wasiende kwa wapinzani. Wengine waliingia uwanjani na nyoka, wengine na fisi aliyefungwa kamba. Bujiku aliingia na bendera. Ilikuwa ile ya Tanganyika ya Mwingereza: nyekundu, kona moja ina misalaba ya mfalme, na upande wa pili duara jeupe lenye kichwa cha twiga. Baba yake alikuwa mwanangwa, mkuu wa kijiji aliyetambuliwa na serikali ya wakati ule, na Waingereza walipoondoka bendera ilibaki sandukuni mwake. Bujiku aliifunga kwenye mti mrefu, akavaa koti lisilo na vifungo na nusu kibuyu kichwani mfano wa kofia ya bwana shauri, Mzungu aliyetawala wilaya, akazunguka uwanja akikagua ng'ombe ambao hawapo na kuwachagua kwa fimbo. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Alifanya hivyo miaka arobaini.

Katika kundi lao, manju akifa, kitu chake husimamishwa uani kwake mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo wenzake huja kumchezea kwa mara ya mwisho. Wakikuta kitu hakipo, hawachezi, na manju asiyechezewa husemwa kuwa aliitupa ngoma angali hai. Kwa hiyo siku ya nne baada ya mazishi wanakundi walichimba shimo mbele ya nyumba, wakasimamisha mti, na bendera ikapanda. Kabula aliitazama akaona kwamba mumewe bado ana kazi moja.

Jirani yao upande wa pili wa uzio wa minyaa alikuwa bibi aliyeitwa Shida. Tangu siku ya kwanza ya msiba alikuwa akileta maji ndoo mbili kila jioni, na mwenyewe alikuwa amepita miaka sabini na tano. Jioni hiyo alizitua ndoo kwanza, akajifuta mikono, ndipo akainua macho.

"Kabula."

"Naam, mayu."

"Kitambaa kile kishuke."

Kabula alimwekea kigoda. Shida hakukaa.

"Mumeo alinichekesha na kitambaa kile miaka arobaini, na sikucheka hata siku moja. Uwanjani nilikuwa nikiondoka, naenda zangu. Sasa nitaondoka niende wapi? Nikifungua mlango, twiga ananitazama."

"Alikuwa akiwacheka Wazungu, mayu. Unajua mwenyewe."

"Aliwacheka wao. Aliyelia alikuwa baba yangu."

Thomasi, mdogo wake Bujiku, alikuwa amekaa karibu na moto wa wanaume na alisikia yote. Alisimama akasema kwamba siku hizi kila mtu ana uhuru wake, na asiyependa kuona ageuzie mlango upande wa kusini.

"Wewe Thomasi," alisema Shida, "nilikubeba mgongoni ukanikojolea. Leo unanifundisha mlango?"

Wanaume walicheka. Thomasi naye alicheka, lakini bendera haikushuka. Shida alichukua ndoo zake tupu akaenda, na kesho yake jioni alileta maji kama kawaida, akayatua, akageuka bila salamu. Kabula alipomshukuru, Shida alikuwa ameshampa mgongo.

Jumatatu akaja mtendaji wa kata, Methodius, kwa pikipiki. Alikuwa Mhaya, mwaka wake wa pili Sapiwi, na alikuwa amejifunza kusalimia jioni kwa Kisukuma, mwadila, kwa usahihi kiasi cha kusamehewa mengine. Shida alikuwa amepeleka malalamiko ofisini, naye akaja kukaa uani asikilize. Methodius alipewa uji, akautazama mti ule kwa muda mrefu, akafungua faili.

"Nimepiga simu wilayani," alisema. "Sheria inakataza kuidharau bendera ya Taifa. Hii siyo. Serikali ya hii bendera haipo, kwa hiyo sina mlalamikaji kwa upande wake. Siwezi kumkamata mtu kwa kuidharau wala kwa kuiheshimu."

"Na mimi je?" aliuliza Shida. "Mimi nipo."

"Wewe upo, bibi. Lakini kuudhika siyo kosa la mtu mwingine kisheria. Naweza tu kuwaomba."

"Tumesikia ombi," alisema Thomasi.

Saa kumi na moja na robo, Methodius akiwa bado na uji mkononi, ng'ombe wa baba yake Shida waliochukuliwa mwaka hamsini na mbili walifika. Walikuja kwa njia ya kutoka Dutwa, kumi na mmoja, wamechoka, vumbi likiwapanda mpaka magotini. Methodius alivuta miguu yake wasije wakamkanyaga. Wakati ule serikali ilisema mifugo imezidi ardhi, na kila mwaka kila zizi lilitakiwa kutoa wa kuuzwa mnadani. Wengi wa hawa walikuwa na alama ya chuma cha moto kwenye paja la kushoto, alama waliyopigwa wa mnadani. Waliipita bendera bila kuitazama, wakazunguka uzio wa minyaa, wakaingia kwa Shida.

Shida aliinuka akawafuata. Alikuwa na miaka mitano walipochukuliwa, lakini baba yake aliwaimba kila jioni mpaka alipokufa, kwa hiyo alimjua kila mmoja kwa rangi na kwa pembe. Alimpita mweusi mwenye paji jeupe, akamshika sikio yule wa kijivu, akamkemea dume lililokuwa likisukuma wenzake. Kisha akaomba kibuyu, akakamua. Kibuyu kilijaa povu.

Aliporudi kwenye pengo la uzio, uso wake ulikuwa haujalegea hata kidogo.

"Nakichukia kitambaa kile," alimwambia Kabula. "Kiache."

"Umesema kishuke, mayu."

"Nimesema nakichukia. Sasa nasema kiache. Yote mawili ni yangu."

Methodius aliandika katika faili kwamba shauri limekwisha kwa maelewano, akamaliza uji, akawasha pikipiki.

Ng'ombe walikaa kwa Shida mpaka jogoo wa kwanza, ndipo wakaondoka wenyewe kuelekea Dutwa walikokuwa wamepelekwa mara ya kwanza. Asubuhi kibuyu kilikuwa chepesi na kikavu, na mavi yaliyokuwa zizini yalikuwa vumbi la miaka mingi. Jioni walirudi. Majirani walizoea upesi. Wenye mbuzi waliwapisha njiani saa hiyo, na mwenye duka alihamisha magunia yake ya chumvi, kwa sababu yule wa kijivu alikuwa na tabia ya kulamba.

Siku ya tatu watu waligundua jambo jingine. Kumi waliingia kwa Shida. Wa kumi na moja, ng'ombe jike mwekundu mwenye pembe zilizotazama chini, aligeuka kwenye uzio na kuingia kwa Kabula. Paja lake la kushoto lilikuwa safi, halina chapa. Alikwenda moja kwa moja kwenye zizi la Bujiku, akaanza kuwalamba ng'ombe hai waliokuwamo, mmoja baada ya mwingine, kuanzia shingoni, kama mzazi anavyomlamba ndama. Hakumruka hata mmoja. Nao walisimama wakatulia, hata dume.

Waliokuwa uani waliona. Wakaelewa. Ng'ombe yule hakuuzwa mnadani. Mwanangwa, baba yake Bujiku, alimchagua kwa baba yake Shida kwa jina la serikali, akamwingiza zizini mwake, na ng'ombe wote waliokuwamo sasa walikuwa uzao wa huyo mwekundu.

Kabula alisimama karibu na mlango wa zizi. Alikumbuka kwamba mahari yake ilitoka humu humu. Baba yake aliipokea, kaka zake wakaoa kwa ng'ombe hao, watoto wao wakasoma. Yeye mwenyewe aliletwa kwenye nyumba hii kwa miguu ya ng'ombe yule mwekundu, na aliishi humo miaka arobaini na tisa na mume aliyemcheka bwana shauri kila mavuno na hakumtaja baba yake mwenyewe hata kwa wimbo mmoja. Hakujua kama Bujiku alifahamu. Alitaka kumuuliza, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu ghalani.

Kesho yake asubuhi Thomasi aliishusha bendera.

"Inatudhalilisha," alisema akiikunja. "Kuna mipaka. Mtu huwezi kutundika kitu kinachochafua jina la marehemu hadharani."

"Juzi ulisema ni uhuru, shemeji."

"Juzi ilikuwa haijatutukana sisi."

"Kundi litakuja Jumamosi. Wasipoikuta hawatamchezea kaka yako."

"Bora asichezewe."

"Basi hao ng'ombe. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Ungempa Shida hata mitamba miwili—"

"Ni wa ukoo, Kabula. Usinianzishie."

Aliiweka sandukuni, akaenda shambani kung'oa mabua ya pamba. Jioni hiyo ng'ombe hawakuja. Shida alisimama njiani mpaka giza likaingia, akarudi ndani. Maji hakuleta.

Alfajiri Kabula alifungua sanduku. Alipita kwenye pengo la uzio akiwa na bendera begani, akamkuta Shida anapepeta mtama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

"Nimekuletea. Ni yako, uifanye unavyotaka. Ukitaka kuichoma, kiberiti ninacho."

Shida aliifungua mapajani. Aliikagua kila kona, akashika misalaba, akashika twiga. Aliona mahali ilipochanika na kushonwa kwa uzi wa gunia.

"Nani alishona hapa?"

"Mimi."

"Umeshona vibaya," alisema Shida, akainuka kutafuta mti.

Jumamosi kundi lilikuja. Walikuta bendera ya manju wao inapepea kwa jirani, wakashauriana kidogo, wakasema uwanja ni uwanja, wakacheza huko. Walicheza tangu saa nane. Mmoja wao alivaa kibuyu kichwani, akachagua ng'ombe kwa fimbo, na saa kumi na moja na robo ng'ombe wenyewe walifika, ikabidi awapishe. Watu walicheka. Shida hakucheka. Aliwagawia wachezaji michembe ya viazi na maji, akasimama mlangoni kwake mpaka wimbo wa mwisho. Kabula alikuwa amekaa chini, kanga kichwani, akishukuru kimyakimya: mwenye mkokoteni, waliompisha kwenye foleni, waliobeba jeneza, aliyeshika ngoma kubwa ingawa mkono wake ulikuwa na jipu, na mwanamke huyu ambaye hakuwa amesamehe kitu.

Mwezi uliofuata afisa mifugo, Harieth, alifika kuwavalisha ng'ombe hereni za utambulisho. Alijaribu kumvalisha na yule mwekundu, lakini koleo halikupata cha kubana, akamwacha aendelee kulamba. Wale hai aliwavalisha wote.

Bendera iko kwa Shida. Huipandisha mwenyewe saa kumi na huishusha jogoo wa kwanza akiwika, na kila anapoipandisha hutema mate pembeni. Kabula hukamua asubuhi na kumpelekea kibuyu cha maziwa ya wale hai, yanayokaa. Shida hukipokea kwa mikono miwili, hushukuru, wabeja, na hukirudisha kimeoshwa. Ng'ombe wa zizini wameandikwa jina la Thomasi.