Dawa Iliyo Hai Haipiti Getini

Haya niliambiwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, juzi mchana, aliporudi kutoka ofisi ya dawa za wadudu akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Hata viatu hakuvua. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akanyoosha miguu, akasema, "Mama, nipe maji, halafu na wewe ukae. Usipokaa utaanguka kwa kucheka." Nikampa maji, nikakaa. Yapo niliyoyacheka. Mengine yamenikaa kooni mpaka leo.

Kwanza mjue kazi yake. Mkwe wangu amesomea wadudu na mimea, na mwaka ule alioolewa aliokota kiwavi kwenye mahindi yetu. Alikuwa ameshakufa, amekauka kama kijiti, na mwilini ameota unga mweupe. Sisi wengine tungemkanyaga tukapita. Yeye alimfunga kwenye pindo la khanga kama mtu aliyeokota hereni. Kumbe ule unga ni kuvu, na kuvu ile inaua viwavi peke yao. Mtu haimdhuru, nyuki haimdhuru, kuku akiidonoa anaendelea kutaga. Basi akaanza kuifuga, na chakula chake ni wali. Siku moja nikafungua chumba cha wageni nikakuta vifuko vya wali vimepangwa, vyote vimeota mvi. Nikamwambia mwanangu, "Baba, umeoa mwanamke anayepikia ukungu." Nilisema hivyo mpaka msimu ule viwavi walipokula mahindi ya jirani wakabakiza mabua, na yetu yakasimama. Tangu hapo nikafunga mdomo, na mchele wa kuvu nikawa nauchagua mwenyewe.

Majirani wakaitaka. Lakini dawa ya wadudu haiuzwi bila kibali cha serikali, na mimi sisemi kuwa ni vibaya. Kabla ya sheria hiyo alipita huku mtu na pipa lake, dawa, dawa. Shemeji yangu akanyunyizia kabichi, na sasa anamtambua mtu kwa sauti tu. Kwa hiyo mkwe aliposema atafuata sheria, nilimwombea heri.

Ila sheria hiyo ina jino. Dawa ikikataliwa huchomwa, na si ile ya kwenye chupa peke yake. Wanakuja mpaka nyumbani kuchoma na mbegu. Mbegu ya kuvu yetu imetoka kwa kiwavi yule mmoja. Mkwe amezunguka mashamba akitafuta nyingine, hajaipata. Ikichomwa ndiyo basi. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi mwezi mzima, na mumewe anamwambia, "Lala, mke wangu, serikali si mnyama." Mwanangu ana moyo mzuri. Akili tumwachie Mungu.

Ofisi yenyewe ni jengo la ghorofa lenye sakafu inayong'aa na viti vilivyofungwa mnyororo, kana kwamba kuna mwizi wa kutamani viti vile. Tangu mwanzo walimpa karatasi ya maswali yaliyotungwa kwa ajili ya sumu za madukani. Dawa inachemka kwenye joto gani? Inalipuka? Moshi wake una rangi gani? Akajibu, "Haichemki. Inaishi." Wakamrudishia, ajaze upya kwa adabu.

Mkubwa wa kamati wafanyakazi wake wanamwita Bwana Bado, maana neno hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Barua imesainiwa? Bado. Mzee umekula? Bado, na huku anachokonoa meno. Ana koti la kijivu, ndevu zimechanwa moja moja, na tumbo linalofika kikaoni kabla yake.

Siku ya kikao Daktari wa Wadudu, ambaye ndiye mwenye kupima, alisimama na miwani moja machoni na nyingine kipajini, akasoma.

"Tuliwalisha viwavi majani yaliyopakwa dawa ya mwombaji. Hawakufa. Aidha, walinenepa."

"Walinenepa?" mkwe akauliza.

"Sana. Mmoja ameshakuwa nondo, ameruka zake."

"Basi, dada," Bwana Bado akasema, "hii si dawa, ni uji." Kamati nzima ikacheka, kile kicheko cha watu wanaomtegemea mchekeshaji kwa likizo.

Mkwe hakucheka. Akauliza sampuli yake ilipita wapi kabla ya kumfikia daktari. Ilipita getini, ndiyo mlango wa kuingilia jengo, kama zote. Akaitwa bwana wa getini, mzee mkakamavu mwenye buti na glavu mpaka kiwikoni. Jina lake la ofisini ni Mzee wa Mvuke.

"Mama," akasema, na akasimama wima kama anaimba wimbo wa taifa, "katika jengo hili hakipiti kitu chenye uhai ambacho hakijasajiliwa. Ni kanuni. Sampuli yako niliitia kwenye mtungi wa mvuke."

"Uliipika?"

"Kwa uangalifu mkubwa. Iliiva."

"Baba yangu, dawa ni ule uhai wenyewe! Ukishaipika kinachobaki ni wali."

"Ndiyo maana walinenepa," Daktari wa Wadudu akasema, akaandika. Alifurahi kupata sababu.

Mkwe akashika meza. "Ngoja nielewe. Ili dawa yangu isajiliwe lazima iingie humu. Na ili iingie ikiwa hai lazima iwe imeshasajiliwa."

"Sasa," Bwana Bado akasema kwa upole, "umeanza kuuelewa utaratibu."

"Na dawa hai mlizowahi kusajili ni zipi?"

"Bado."

"Hazijaletwa?"

"Zimeletwa nyingi. Zote zilikuwa dhaifu."

Hapo ndipo mimi nilipoacha kucheka. Wote wale! Watu wameacha watoto wao, wamebeba vichupa vyao kifuani kama mayai, vimefika getini vimepikwa, kisha wamerudi nyumbani wakiamini wao ndio wajinga, na mbegu zao zimechomwa. Na aliyepika ana cheti ukutani cha mfanyakazi hodari.

Mkwe akasema, "Basi andikeni kwamba mlipima maiti. Maiti haikuua mtu. Mimi sitakata rufaa."

Wangeandikaje? Wakiandika hilo moja, wale wengine wote wa nyuma watasimama mlangoni kudai. Bwana Bado akatazama dari. Akasema kamati imesikia, na kwa kuwa dawa haikuua, uchomaji utapangiwa siku.

Lakini kusoma kuna faida yake, mradi usome na nyuma ya karatasi. Mkwe alikuwa ameisoma sheria yote, hata yale maandishi madogo kama mayai ya chawa. Mwombaji akipinga majibu, jaribio hurudiwa mbele ya kamati. Akalisema hilo. Bwana Bado akajibu, "Vizuri sana, lete sampuli nyingine."

"Ataipika," mkwe akasema, akimwonyesha Mzee wa Mvuke.

"Nitaipika," Mzee wa Mvuke akasema.

"Basi tokeni nyinyi nje. Sheria inasema mbele ya kamati. Haikusema chini ya dari."

Mmoja akakohoa. Wakaangaliana kama kuku walioona kivuli cha mwewe, wakaifungua sheria, wakaipindua, wakaitikisa, haikudondosha dari. Ikabidi viwavi watolewe nje kwenye sanduku la kioo, uwani, karibu na mahali magari yanapolala. Mkwe akapaka majani kuvu iliyo hai, aliyoileta kutoka nyumbani, mbele ya macho yao, akayaweka sandukuni. Kisha kamati ikarudi ndani kunywa chai.

Kuvu si risasi. Kwanza inamwingia kiwavi, anaendelea kula, halafu anapoa, halafu anakauka. Inataka siku kadhaa. Kila asubuhi mkwe alikwenda kukaa pale kwenye tofali kulilinda sanduku, na kila jioni alipoondoka alimkabidhi mlinzi. Kila aliyepita alikuwa na neno. "Dada, bado wanatafuna." "Dada, wapelekee na chumvi." Daktari wa Wadudu alikuja, akahesabu, akaondoka na uso wa mtu anayeombea timu mbili. Na Bwana Bado akipita kwenda kwenye gari anapiga kioo kwa kidole. "Wazima hawa!"

Nilimuuliza mkwe, "Uliogopa?" Akasema, "Mama, nilikuwa naota moshi."

Kisha asubuhi moja hakuna aliyetafuna. Iliyofuata walikuwa wamekauka, na iliyofuatia tayari wameota unga, weupe pe pe pe, kama vitumbua vilivyosahaulika. Kamati ikaitwa. Ikatoka imekunja uso kwa jua.

"Wamelala tu," Bwana Bado akasema.

"Mheshimiwa, wamekufa."

"Kufa kuna taratibu zake." Akafungua sanduku mwenyewe, akamshika kiwavi mmoja kwa vidole viwili, akamwinua mpaka puani, na ili amwamshe, jamani, akampuliza! Pu! Mtu mzima, amesoma hadi nje ya nchi. Unga wote ukamrudia. Ukatua kwenye koti la kijivu, kwenye tai, na kwenye ndevu zile zilizochanwa moja moja. Akapiga chafya, akajifuta kwa leso, akatia leso mfukoni. "Tutakaa kikao tena," akasema. "Kwa sasa, bado." Akageuka kwenda kwenye chai yake.

Mlangoni amesimama Mzee wa Mvuke, mikono ameitanua.

"Mheshimiwa, samahani. Hapana."

"Hapana nini?"

"Una kitu chenye uhai ambacho hakijasajiliwa. Kwenye koti." Akamsogelea, akachungulia. "Na kwenye ndevu."

"Wewe! Mimi ndiye mwenyekiti!"

"Ndiyo, mzee. Kanuni umeisaini wewe, iko hapa ukutani. Koti naweza kulitia kwenye mtungi. Ndevu..." akafikiri kwa dhati, kwa sababu mzee yule hana utani, "ndevu itabidi uziingize kwa kuinama."

Mkwe anasema mlinzi alilazimika kwenda nyuma ya gari kucheka. Mimi mwenyewe aliponifikisha hapo niliweka kikombe chini.

Bwana Bado akafoka, akatisha, akasema atamhamisha mtu leo leo. Mzee wa Mvuke akajibu ahamishwe tu, lakini mpaka barua ifike, hapiti mtu. Na kwa kuwa Daktari wa Wadudu ameshaponyoka ndani na unga kwenye kiatu, kwa kanuni hiyo hiyo jengo lote lifungwe, watu wote watoke, kila chumba kifukizwe. Akaanza kutafuta kipenga chake. Ndani huko dirisha likafunguka, mtu akauliza chai iendelee kusubiri au imwagwe.

Mkwe akasogea. Hakupaza sauti. "Mheshimiwa, kanuni inakataza kisichosajiliwa tu. Kikishasajiliwa, unaingia nacho, hata ukikifuga."

Bwana Bado akamtazama. Akatazama mlango. Akajishika ndevu, kisha akautoa mkono haraka, akautazama nao. Jasho likamtoka, likachanganyika na unga, akawa kama mandazi kabla ya kutiwa mafuta. Wanakamati wote wakagundua kwamba viatu vyao vinahitaji kutazamwa.

"Leteni cheti," akasema.

Kikaletwa kwa kupitishwa dirishani, pamoja na muhuri na wino. Akakisaini juu ya boneti ya gari lake, na boneti ilikuwa ya moto, akaunguza kiganja, na hata hapo hakusema bado. Daktari wa Wadudu, akiwa ndani, akaandika kupitia dirisha lile lile kwamba jaribio la pili limethibitisha yale ya jaribio la kwanza. Mzee wa Mvuke akakisoma cheti mstari kwa mstari, akapiga saluti, akapisha mlango. Mwenyekiti akapita na kuvu yake iliyosajiliwa, kichwa juu. Mkwe aliondoka akimsikia ukumbini akiwaambia wageni kwamba ofisi yake imekuwa mstari wa mbele siku zote katika dawa zilizo hai.

"Na yule wa mvuke?" nikamuuliza.

"Anaendelea, mama. Nilipokuwa natoka, alikuwa anaingia mtu mwingine na kichupa chake. Nilimshika mkono nikamvuta pembeni, nikamwambia asipite getini, aombe kamati itoke nje. Nikamwachia ile karatasi ya sheria."

"Watatoka?"

"Watakataa kwanza."

Akaleta cheti, nikakishika. Karatasi nzito, muhuri umepinda. Nje mwanangu alikuwa anawapigia kelele majirani kwamba yeye alijua tangu zamani, kwamba serikali si mnyama. Nikanyanyuka nimwambie anyamaze, nikaenda chumba cha wageni kuangalia vifuko, vyote viko salama, vyeupe, vimetulia. Niliporudi jikoni na bakuli la chakula, mkwe wangu alikuwa ameteremka chini kutoka kwenye kigoda, kichwa amekiegemeza kwenye gunia la mchele, mdomo wazi, kiatu kimoja mguuni, amelala.